MKAHAWA WA JIRANI

1. Kuutazama mji wako

Mtu akikaa sana mahali pamoja macho yake huzoea, na yakisha kuzoea huacha kuona. Mgeni afikapo katika mji wetu hustaajabia harufu, sauti na rangi zake. Nasi wenyeji tunapita katikati ya mambo hayo hayo tukitazama vidole vya miguu yetu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi katika somo hili tujifanye wageni kwa muda katika mji wetu wenyewe, tupate kupona ugonjwa huo wa kutoona.

Tutauchagua mji wa Mombasa, maana ni mji wa kale, tena mikahawa yake midogo na wachuuzi wake wanajulikana pwani nzima. Nawe ukaaye Lamu, Tanga, Unguja au Dar es Salaam, soma huku ukilinganisha na mtaa wako. Majina ya vyakula yanaweza kubadilika, lakini kazi ni ile ile, na mwenye kuifanya ni jirani yako.

2. Tangu alfajiri hata usiku

Kabla jua halijachomoza, wakati adhana ya alfajiri inaposikika katika misikiti ya Mji wa Kale, mama muuza mahamri amekwisha kukoleza moto wake. Karai la mafuta liko juu ya makaa, naye anatia vipande vya unga vilivyokatwa pembe tatu. Kila kipande huzama kidogo, kisha huibuka, huvimba kama mtu aliyejaza pumzi mashavuni, na kugeuka rangi ya dhahabu. Kando ya karai iko sufuria ya mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi. Wanunuzi wake ni watu wa kila namna: mchukuzi aendaye bandarini, fundi cherehani, mlinzi aliyekesha kazini, mwalimu, na mtoto aliyetumwa na bakuli kutoka nyumbani.

Adhuhuri vyombo hubadilika. Sasa harufu ni ya wali wa nazi, ya pilau, na ya samaki wa kupaka anayechomwa polepole huku akipakwa tui lenye viungo. Alasiri huja zamu ya viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikavikwa unga wa manjano, vikakaangwa. Huliwa pamoja na maji ya ukwaju. Barabarani muuza madafu amesimama na panga lake. Humkatia mnunuzi dafu kwa mapigo matatu au manne, na mnunuzi akisha kunywa maji hulipasua vipande viwili, kisha huchonga kijiko katika kumbi lake, ili ile nyama laini ya ndani isipotee. Kijiko hicho hakioshwi wala hakinunuliwi, na kikisha kutumika hutupwa pamoja na kumbi.

Hata magharibi ikiingia, mji haulali. Moshi wa mishkaki hupanda, na mbali husikika mlio wa vikombe vikigonganishwa, kiling, kiling. Huyo ndiye muuza kahawa. Hahitaji kupiga kelele; vikombe vyake ndivyo vinavyomtangaza. Amebeba mdila wa shaba wenye makaa chini yake, na kahawa iliyomo ni chungu, imetiwa tangawizi, hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mikono. Mwenye kutaka utamu huagiza kashata au kipande cha halua. Wazee hukaa barazani na vikombe vyao, na habari za mji huzunguka pamoja na mdila. Kwa kikombe kimoja mtu hununua kahawa, pia hununua mazungumzo ya saa nzima.

3. Bakuli moja, nchi nyingi

Sasa tuulize, vyakula hivi vilitoka wapi? Mwaka 1331 msafiri mmoja wa Moroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Mombasa. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka bara, na kwamba chakula chao zaidi kilikuwa ndizi na samaki. Kwa hiyo tangu zamani Mombasa haikuweza kujilisha peke yake. Iliishi kwa mikono ya jirani zake.

Baadaye walikuja Wareno, nao walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, na Waomani wakaiteka mwaka 1698. Muhogo, mahindi na pilipili, ambavyo leo twaviona kuwa vyetu kabisa, asili yake ni Amerika, na vilifika pwani hii kwa sababu ya safari za Wareno. Hata neno "meza," ambayo juu yake mpishi hupanga sahani zake, tulilipata kwao. Neno "kahawa" ni la Kiarabu. Chapati na bhajia ni za Kihindi. Wahindi walifanya biashara na pwani hii kwa karne nyingi, na wengine kwa maelfu waliletwa kuijenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa la Viktoria mwaka 1901. Nazi hutoka mashamba ya Kilifi na Kwale, karafuu Unguja na Pemba.

Basi mtoto anayekaa juu ya benchi la mama muuza mahamri, akachovya hamri yake katika mbaazi, amekalia benchi moja na mataifa mengi, wala hana habari.

4. Kazi isiyoonekana

Hamri moja huliwa kwa dakika mbili, lakini kazi yake huchukua usiku mzima. Jioni mpishi huchambua mbaazi, akatoa mawe na zilizooza, akaziloweka. Hukuna nazi juu ya mbuzi, akaikamua katika kifumbu. Tui la kwanza ni zito, huwekwa kando. Kisha humimina maji juu ya machicha na kukamua tena, apate tui jepesi. Unga huukanda kwa tui, sukari, iliki na hamira, akaufunika kwa kitambaa safi ili uumuke usiku. Mbaazi huchemshwa mpaka zilainike, zikatiwa tui jepesi kwanza, na lile zito mwisho kabisa, kwa moto mdogo, maana likichemka kwa nguvu hukatika. Haya yote huyafanya wakati wengine wanapumzika. Na saa tisa ya usiku yu macho tena.

Tena ana mambo asiyoweza kuyatawala. Wakati wa kusi bahari huchafuka, ngalawa haziendi mbali, na bei ya samaki hupanda. Mvua za masika zikinyesha, makaa hulowana na wanunuzi hukimbilia nyumbani. Unga ukipanda bei, hawezi kupandisha bei ya hamri siku ile ile, maana wanunuzi wake wamezoea sarafu moja kwa hamri moja. Mara nyingi hupunguza kidogo ukubwa wa hamri, naye huona haya kufanya hivyo.

5. Tufanye hesabu

Watoto wengi hudhani kwamba fedha yote iingiayo katika kopo la muuzaji ni mali yake. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mama mmoja hutumia kwa siku moja shilingi hizi:

Unga wa ngano, 360
Nazi, 200
Mbaazi, 250
Sukari, iliki na hamira, 190
Mafuta, 300
Makaa, 150
Jumla, 1,450

Tuseme tena amepata mahamri 120, akauza kila moja shilingi 10. Hiyo ni shilingi 1,200. Na mabakuli 20 ya mbaazi kwa shilingi 30 kila moja. Hiyo ni shilingi 600. Jumla ya mauzo ni shilingi 1,800. Toa zile 1,450 zilizotumika, nazo ndizo mtaji wake. Zitabaki shilingi 350. Hizo 350 tu ndizo faida. Ndizo za kuwalisha watoto wake, ndizo za kodi ya chumba, ndizo za daftari na kalamu za shule.

Sasa angalieni. Mwanafunzi mmoja akila mahamri manne na bakuli moja la mbaazi, deni lake ni shilingi 70. Akisema, "Mama, nitalipa kesho," ni jambo dogo. Lakini wakisema hivyo wanafunzi watano siku moja, shilingi 70 mara tano ni 350. Faida yote ya siku imekwisha. Mama amekesha, amekamua nazi, amesimama mbele ya moto, na mwisho wa siku hana kitu. Ndiyo maana methali yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Tena mjue kwamba shilingi iliyolipwa haikai mahali pamoja. Ile uliyompa mama kwa hamri asubuhi, mchana humpa muuza nazi. Muuza nazi humpa fundi amshonee suruali. Fundi humpa muuza samaki. Na huenda muuza samaki akamlipa baba yako kwa kazi yake, ikarudi mfukoni mwako kesho. Shilingi hiyo ni moja tu, lakini imewalisha watu watano. Ikizuiliwa mahali pamoja, wote watano hungoja.

6. Kijana aliyebadili njia

Sikilizeni hadithi ya kijana mmoja wa darasa la saba. Kila asubuhi baba yake alimpa shilingi 70 za chakula. Siku ya Jumatatu alifika kwa mama muuza mahamri, akala, kisha akapapasa mfuko wake akasema, "Mama, fedha nimezisahau nyumbani. Nitaleta kesho." Mama akamjibu, "Haya, mwanangu, kula uende shule. Mtu hasomi kwa njaa." Kumbe hakuzisahau. Zilikuwa mfukoni, naye alitaka kununua mabuyu na kachri wakati wa mapumziko.

Jumanne akafanya vile vile, na rafiki zake wanne waliokuwa pamoja naye wakamwiga. Jumatano na Alhamisi pia. Mama aliandika majina katika daftari lake, hakusema kitu. Lakini nyumbani kwake watoto walitaka kula, naye kwa kuwa hakuwa na faida alichukua katika mtaji. Na mtaji ulipopungua alikwenda dukani kuchukua unga kwa mkopo. Hata Ijumaa mwenye duka akamwambia, "Dada, lipa kwanza ule wa jana." Hakuwa na cha kulipa.

Asubuhi hiyo wale vijana walipita, wakakuta benchi limeegemezwa ukutani, na mahali pa moto pana majivu baridi. Yule kijana wa kwanza, tuseme kweli, alifurahi moyoni. Alidhani deni limekufa. Lakini saa nne njaa ilimshika, na sauti ya mwalimu akaisikia kama inatoka mbali. Juma lililofuata alianza kupita njia nyingine, ndefu kuliko ile, akiogopa kukutana na yule mama. Mdeni ndivyo alivyo: mji wake humpungukia njia moja baada ya nyingine.

Siku moja mama yake mzazi alisema wakati wa chakula, "Yule mwenzetu wa mahamri sasa anafua nguo za watu. Wasema kuna watoto walimlia mali yake." Kijana akaacha tonge mkononi. Hakulala vizuri usiku ule.

Jumamosi alikwenda kwa mjomba wake, muuza madafu, akamwomba kazi ya kubeba. Alibeba Jumamosi mbili, akapata shilingi 280, yaani 70 mara nne. Kisha akaenda nyumbani kwa yule mama, akasimama mlangoni.

"Hodi, mama."

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hupiti siku hizi?"

Kijana akainama, akatoa fedha, akasema, "Mama, sikuzisahau nyumbani siku ile. Zilikuwa mfukoni. Nimekuja kulipa, na kukuomba radhi."

Yule mama hakumgombeza. Alileta daftari, akatafuta jina, akapiga mstari juu yake. Kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Niliona mfuko umevimba. Lakini nilidhani utaona haya mapema kuliko hivi." Maneno hayo yalimchoma kijana kuliko fimbo.

Akaenda kwa rafiki zake mmoja mmoja. Watatu walilipa. Wa nne alikuwa amehama na wazazi wake, na deni lake halikulipwa hata leo. Mama alirudi mahali pake kwa unga nusu ya ule wa zamani, mahamri 60 tu, na ilichukua miezi kufika 120 tena. Juu ya ukuta aliandika kwa chaki, "Leo fedha, kesho mkopo." Na yule kijana, ingawa alisamehewa, hakupewa tena chakula bila fedha mkononi. Kidonda kilipona, lakini kovu lilibaki.

7. Mwaka ambao moto ulizimwa

Kuna wakati mji mzima uliona mikahawa ikinyamaza. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliingia Kenya, na Serikali, ili kuokoa maisha, ilitoa amri kali. Tangu tarehe 27 Machi 2020 watu walikatazwa kutoka nje kuanzia saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 6 Mei 2020 ikaamriwa kwamba mtu asiingie wala asitoke Mji wa Kale wa Mombasa, na mikahawa ya humo ifungwe. Amri hiyo ya Mji wa Kale iliondolewa mwezi wa Juni.

Fikirini maana yake kwa muuzaji mdogo. Mwezi wa Mei mwaka ule uliangukia Ramadhani. Desturi ya Mji wa Kale katika Ramadhani ni kwamba mchana mikahawa hufungwa, na alasiri wapishi hutoka na meza zao, wakapanga sambusa, kaimati, viazi na mikate ya kumimina, watu wapate kununua futari. Jua la Mombasa mwezi wa Mei huchwa karibu saa kumi na mbili na robo. Basi hata kabla ya mikahawa kufungwa, kati ya kufuturu na ile saa moja ya amri haikubaki hata saa nzima. Muuza kahawa, ambaye kazi yake huanza giza likiingia, hakuwa na saa hata moja. Na mpishi wa mahamri, ambaye huwasha moto kabla ya alfajiri, hakuruhusiwa kufungua mlango.

Duka kubwa lina ghala, na fedha yake iko benki. Mchuuzi wa mtaani ghala lake ni jana, na benki yake ni kopo. Ndiyo sababu wengi wao waliumia upesi. Wengine walipikia nyumbani, wakawapelekea jirani wa mlango kwa mlango. Na jirani waliowakumbuka wakanunua kwao, hata kidogo, waliwaokoa. Milango ilipofunguliwa tena, si kila benchi lilirudi mahali pake. Hapo watu wengi walitambua kwamba mkahawa wa jirani si kama jabali la pwani, lililokuwako jana na litakalokuwako kesho. Unakaa kwa sababu kuna watu wanaokuja kukaa katika benchi lake.

8. Adabu ya mnunuzi

Methali yasema, "Biashara haigombi." Muuzaji anaifahamu sana, mnunuzi naye yampasa kuifahamu. Shikeni mambo haya machache.

Kwanza, mwamkie muuzaji kabla ya kuagiza. Yeye ni mama yako, au ami yako, au kaka yako wa mtaa, hata kama hamkuzaliwa nyumba moja.

Pili, chagua mahali safi. Angalia kama chakula kimefunikwa, nzi wasitue. Kama ni cha moto. Kama maji ya kuoshea vyombo hubadilishwa. Na kama mpishi hunawa mikono kwa sabuni. Nawe pia nawa kabla ya kula. Ukienda daima kwa mpishi aliye safi, umemlipa usafi wake, na aliye mchafu atajifunza kwa kukosa wanunuzi.

Tatu, lipa papo hapo. Ukiwa huna fedha, sema kweli kabla ya kula, usingoje sahani iwe tupu. Kumbuka wahenga: "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Nne, chakula kikiwa kizuri, msifu mpishi mbele ya watu. Kikiwa na kasoro, mwambie kwa faragha. Sifa yako ya wazi humletea wanunuzi. Lawama yako ya wazi yaweza kumfukuzia riziki kwa kosa la siku moja.

Tano, rudisha bakuli na kikombe. Kikombe kimoja kilichopotea hula faida ya vikombe vingi.

Sita, tembea. Usinunue daima mahali pamoja tu. Jaribu mtaa wa pili, jaribu chakula usichokijua jina, uliza kinavyopikwa. Mtoto wa mjini asiyejua ladha ya mji wake ni kama mvuvi asiyejua kuogelea.

Kesho asubuhi ukipita njiani, simama kidogo. Sikiliza mafuta yanavyolia katika karai. Tazama mikono ya yule mama: ina alama za moto ambazo hukupata kuziona. Mpe salamu, mpe shilingi yako, kaa katika benchi lake. Kisha kula polepole, ukikumbuka usiku mzima wa kazi ulioingia katika hamri moja.

MASWALI

1. Kwa nini wenyeji wa mji mara nyingi hawaoni mambo ambayo mgeni huyaona?
2. Muuza kahawa huwaitaje wanunuzi wake?
3. Ibn Battuta aliandika nini juu ya chakula cha watu wa Mombasa? Ilikuwa mwaka gani?
4. Taja vyakula vitatu vya pwani ambavyo asili yake ni nchi nyingine, na useme ni nchi zipi.
5. Kwa nini tui zito hutiwa mwisho, na kwa moto mdogo?
6. Bei ya unga ikipanda kwa shilingi 90 kwa siku, faida ya yule mama wa sehemu ya 5 itakuwa shilingi ngapi? Itakuwa ngapi ikiwa siku hiyo wanafunzi watatu wamekula kwa deni la shilingi 70 kila mmoja?
7. Yule kijana alifurahi alipoona majivu baridi. Kwa nini? Furaha hiyo iliishaje?
8. Eleza maana ya maneno haya: "Mchuuzi wa mtaani ghala lake ni jana, na benki yake ni kopo."

MANENO YA KUJIFUNZA

Futari: chakula cha kufungulia saumu wakati wa magharibi.
Karai: chombo kipana cha chuma cha kukaangia.
Kifumbu: mfuko uliosukwa wa kukamulia na kuchujia tui la nazi.
Kumbi: ganda la nje la nazi au dafu.
Machicha: nazi iliyokunwa baada ya kukamuliwa.
Mbuzi: kibao chenye chuma cha meno cha kukunia nazi.
Mdila: chombo cha kuchemshia na kumiminia kahawa.
Mtaji: fedha ya kuanzia au kuendeshea biashara.

KAZI YA KUANDIKA

Nenda kwa mpishi au mchuuzi mmoja wa mtaa wako wakati asipokuwa na wanunuzi wengi. Mwamkie, umwombe ruhusa, umwulize alianzaje kazi yake, huamka saa ngapi, na vitu vyake huvinunua wapi. Andika habari zake kwa ukurasa mmoja. Usimwulize faida yake. Ukitaka kuijua, fanya hesabu mwenyewe kwa mfano wa sehemu ya 5.